Konokono wa Miambani na Maji Yanayolala

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ingawa sasa hata kukumbuka kunanichosha. Ilikuwa katika miaka ya vita. Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nimerudi kwetu Baraka, mji ulio ufuoni mwa ziwa, na daftari, lenzi, na moyo uliojaa nia njema kuliko busara.

Nilichosomea ni konokono. Usicheke, wengi wamekwisha kucheka. Profesa wetu alitufundisha kwamba katika bahari za joto wako koa walioacha magamba yao na kuvaa rangi kali badala ya ngao, ili samaki wajue kwamba nyama yao ni sumu. Ziwa letu halina hao, lakini lina ndugu zao wasiopatikana kwingine duniani: wenye gamba nene, wang'ang'aniao miamba, ambao kaa huwavunja kwa shida, wengine wenye miiba mirefu, waishio katika tope la kilindini, na wengine wasiotaga mayai, bali hubeba watoto ndani ya gamba hadi wakomae. Kusini mwa mji palikuwa na miamba ambapo ningeweza kuona aina kadhaa kwa hatua chache. Niliipenda kama mtu apendavyo shamba la babaye.

Kisha zikaja familia zilizokimbia mapigano upande wa Lulimba, mbali na ziwa. Wenyeji wengi walikuwa wamevuka ziwa kwenda Tanzania, hivyo hapakuwa na wa kuwaonyesha wageni desturi za ufuo. Walichota maji na kuoga palepale miambani. Masufuria yalikwaruza mawe, na konokono wangu wakapungua.

Nikawaendea. Niliwaambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba mawimbi yangewaangusha watoto, na kwamba nyuma ya matete maji yalikuwa shwari. Hilo la mawimbi halikuwa uongo. Lakini halikuwa sababu yangu. Baba mmoja, Wilondja, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, mwalimu. Siye tuko bantu ya pori, hii ziwa hatuijue."

Wahenga walisema elimu ni bahari; mimi nilidhani nimekwisha kufika ng'ambo.

Wakahamia kwenye matete, na miezi ikapita. Watoto wakaanza kuumwa tumbo na kuhara damu. Neema, binti wa Wilondja, tumbo lilivimba huku mikono ikikonda. Nilikwenda kwenye matete na lenzi yangu, nikawaona: konokono wadogo wa kahawia, wasio na pambo lolote, wameshikamana na majani. Hao ndio wanaobeba kichocho. Chuoni niliusoma ukurasa wao mara moja, nikaupita haraka kwa kuwa hawakuwa wazuri.

Nilinyamaza siku tatu. Nilijiambia kwamba huenda ni mihogo mibovu. Katika siku hizo tatu mtumbwi wa injini uliondoka kwenda Uvira, ambako dawa ilipatikana, maana kituo chetu cha afya kilikuwa kimeporwa.

Siku ya nne akarejea kutoka ng'ambo Mama Eliza, jirani yetu, mzee aliyekaushia ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufuoni tangu ujana wake. Kabla hajatua mzigo, aliwaona wanawake wakitoka kwenye matete na ndoo zao.

"Nani alibapeleka kule?"

"Ni mimi, mama."

"Weye! Na masomo yako yote? Hata mutoto wa hapa anajua: maji yenye kulala, muntu haiogi. Unachota kwenye maji inapiga mawe."

"Nilitaka konokono za kwenye mawe zisiishe."

Akatua mzigo wake. "Uliihurumia konokono. Na batoto je?" Akanyoosha kidole kuelekea kwa wageni. "Basi enda ubaambie. We mwenyewe. Mi sitakusemea."

Nilikwenda, nikasema yote mbele ya Wilondja na wenzake, hata sababu yangu halisi, hata siku zangu tatu. Hakunipiga, ningeshukuru kama angenipiga.

"Kumbe, mwalimu," akasema polepole, "siye tulikuwa chini ya konokono."

Mtumbwi mwingine haukupatikana kwa majuma kadhaa, kwa sababu ya mapigano. Dawa ilipofika, watoto wengi walipona. Neema, ambaye njaa ilikuwa imekwisha kumdhoofisha, hakuweza kungoja. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Wazee hawakutuambia kwamba kifo hicho chaweza kuwa cha mtoto wa mwenzio.

Mwanangu, sikuambii uache kuwapenda viumbe wadogo. Mimi bado nawapenda, kwa upendo uliochoka. Nakuambia hivi: usimwondoe mtu mahali kwa ajili ya kitu ukipendacho, ukamficha sababu yako. Kabla hujamwonyesha mgeni pa kuchota, waulize waliokunywa maji hayo kabla yako, hata kama hawakusoma. Hatari nyingine hazivai rangi. Na ukikosea, sema siku ileile, kwa kinywa chako mwenyewe. Aibu ya leo hubebeka, ya keshokutwa huenda ikabebwa na mwingine.

Mungu akupe elimu, na akupe ulimi usiochelewa. Watoto wa wenzio wakue mbele ya macho yako, nawe uzeeke ukiwaita kwa majina yao, nao waitike.