Biriani ya Siku ya Upepo

Swabaha amepikia harusi za mtaa wa Kibokoni miaka thelathini, na kwa mpishi watu wakishaalikwa wamealikwa. Ndiyo maana bintiye Mahira, mwanafunzi wa urubani wa helikopta, alipokaribia kuruka peke yake mara ya kwanza, Swabaha aliualika mtaa mzima waje kula na kumwombea dua.

Asubuhi ya siku hiyo Mahira alipiga simu. "Mama, upepo unakuja kwa mikupuo, unapiga na kuacha. Pengine leo siruki."

"Watu nshawaalika, mwanangu. Chungu ki motoni."

Mahira akaruka. Helikopta haijainuka hata urefu wa nyumba, upepo ukaipiga ubavuni, ikazunguka, ikaanguka kwa ubavu. Mahira akatolewa hai, mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika. Biriani ililiwa vilevile, na waliokuja kupongeza wakabaki kutoa pole.

Pole hizo zilimchosha Swabaha kuliko harusi tatu kwa wiki moja. "Ni jicho la hasidi hilo, shoga," jirani yake Mwanaesha alirudia kila siku, na Swabaha akaitikia, maana jicho halina wa kumlaumu. Aliona haya. Usiku hakupata usingizi.

Wiki ya tano akaja mwalimu wa Mahira, Samuel, mtu wa bara mwenye maneno machache. Akavua viatu, akaketi.

"Shikamoo mama. Nataka jambo moja tu. Mahira hakuuona ule upepo, au aliuona akaruka? Nimemuuliza mara tatu, anasema alikosea, basi. Nisipojua sababu, siwezi kumrudisha."

Mahira aliinamia bandeji yake. Swabaha akamtazama, akachoka na ule uongo wa jicho mpaka mifupani.

"Aliuona," akasema. "Alinipigia simu. Mimi nikamwambia watu nshawaalika."

"Mama, usukani niliushika mimi," Mahira akasema.

Samuel akainuka. "Bega likipona, arudi," akasema. "Ataanza upya."

Miezi minne baadaye siku ya kuruka peke yake ikafika tena. Mwanaesha aliuliza mara mbili kama kuna karamu, akaambiwa hakuna. Saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Mama, upepo wa mikupuo tena. Leo siruki."

Swabaha alilitazama jiko lake, halina moto.

"Njoo nyumbani, mwanangu," akasema. "Sikualika mtu."