Shati Lililorudi Safi

Kazi yangu yote niliifanya kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na humo nilijifunza kuwajua watu kabla sijawaona. Kola iliniambia nani ana wasiwasi. Viwiko viliniambia nani ameegemea kaunta ya baa huku mkewe akiambiwa yuko mkutanoni. Shule niliishia ya msingi, lakini kwa shati hunidanganyi.

Ndiyo maana shati la mjukuu wangu lilininyima raha.

Binti huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake, mwanangu, alipofariki. Akasomea urubani, akafuzu, akarudi na leseni, nami nikatangaza mtaa mzima. Sikunong'ona, nilitangaza. Akapata kazi kwenye kampuni ndogo ya ndege, katika uwanja ulio nyuma ya maghala. Kila usiku nampigia pasi shati jeupe lenye mistari ya cheo mabegani, asubuhi analitia kwenye begi. Jioni shati linarudi. Nalifungua, nakuta mkunjo wangu uleule. Kola nyeupe, kwapa kavu, harufu ya pasi yangu bado imo. Lakini yeye mwenyewe vidole vimekunjamana kwa maji, na kucha zina mafuta ya mashine.

"Leo umerusha ndege?"

"Nimerusha, Bibi."

"Ukiwa umevaa nini?"

"Bibi nawe! Nguo."

Nikishaanza kushuku sipigi kelele, naliacha jambo lijilete lenyewe.

Lililetwa na mjomba wake, mwanangu mkubwa, mwenye duka la vipuri. Alikuwa amepeleka bidhaa uwanjani, akamwona binti ana ndoo.

"Mama, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyo anaosha ndege! Rubani wa ndoo!"

Alimtaka aje kukaa kaunta ya duka lake, na jibu alilitaka Jumapili, la sivyo angemchukua mtu mwingine. Mjukuu wangu hakumtazama mjomba, alinitazama mimi. Katika nyumba hii neno la mwisho ni langu. Nikisema aache, ataacha, na wote wawili walilijua hilo.

"Bibi, nipe muda kidogo tu."

"Muda wa nini? Wa kuosha?"

Akainamisha kichwa. Hakukana, na hapo shaka yangu ikaota meno.

Ijumaa nilivaa viatu vyangu vya ngozi, sikumuaga mtu, nikaenda. Nilimkuta ndani ya ovaroli, kapiga magoti chini ya bawa, anasugua. Aliponiona, sponji ikamponyoka. Akatoka mwanamume mmoja mwenye kitambi, miwani nyeusi usoni na hali tuko kivulini. Huyo ndiye Kapteni, mkubwa wake. Mtu anayeficha macho kivulini simwamini.

"Karibu, mama."

"Sikuja kukaribishwa. Huyu ni rubani au ni dobi? Maana dobi nilikuwa mimi, na dobi mwenzangu namjua."

Akacheka. Sikucheka naye.

"Ni rubani, mama, ila mpya. Chuo kimempa leseni, uzoefu hakina cha kumpa. Kampuni kubwa zitamuuliza amekaa angani saa ngapi, na hizo saa hazipati mpaka mtu amwachie ndege. Wenzake wengine wamebaki chuoni kufundisha, wanaokotea saa zao huko. Huyu yuko kwangu. Anaosha, anapima mizigo, anapakia. Kwenda narusha mimi, kurudi anarusha yeye."

"Na shati?"

"Kwangu shati jeupe linavaliwa tukiwa na abiria. Siku hizi tunabeba mizigo tu, na boksi halijali umevaa nini."

Nikamgeukia binti. "Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi, Bibi? Ulishatangaza mtaa mzima. Shati nalibeba kila siku, huenda leo akatokea abiria."

Maneno yalinyooka. Lakini wageni wa hoteli nao walikuwa na maneno yaliyonyooka.

"Basi abiria ametokea," nikasema.

Kapteni akavua miwani, akanitazama, akamwambia binti, "Vaa shati. Leo unarusha kwenda na kurudi."

Alitoka nalo limemkaa vizuri, kisha akanionyesha mizani ya mizigo. "Panda, Bibi."

"Mimi ni gunia?"

"Kila kinachoingia kinapimwa, hata Kapteni."

Nikapanda. Akasoma, akahamisha maboksi mawili ya dawa kutoka nyuma kwenda mbele. "Umezidi nilivyokukadiria."

"Ni viatu," nikamwambia.

Tulipopaa macho sikuyatoa kwa Kapteni. Nilitaka kumkamata akisaidia kwa siri. Mikono alikuwa ameikunja kifuani. Nikainama nichungulie na miguu yake, isije ikawa ndiyo inayosaidia.

"Mama, hutazami nje?" akapaza sauti.

"Nakutazama wewe."

Tulipokuwa tunashuka, upepo ukaisukuma ndege ubavuni. Mkono wa Kapteni ukafunguka, ukaanza kusogea.

"Niachie," mjukuu wangu akasema, bila kugeuka.

Mkono ukarudi kifuani. Mimi nyuma nilikuwa naliona shati. Jasho lilianza shingoni, likashuka katikati ya mgongo, likatanda. Lilipofika kiunoni, magurudumu yakagusa chini.

Jumapili mjomba akaja kuchukua jibu lake. Shati nilikuwa sijalifua. Nikamwekea mapajani.

"Linuse."

"Mama, jamani!"

"Linuse! Jasho la ndoo hukaa mikononi na kifuani. Hili la mgongoni limetoka kwa mtu aliyeshikilia roho ya bibi yake. Kaunta yako mtafutie mwingine."

Akakunja uso. "Na kama huyo Kapteni anamtumia tu? Aoshe mwaka mzima, halafu kiti ampe mwingine?"

Swali hilo sikulibeza, maana hata mimi lilikuwa limenilaza macho. Ile miwani bado hainikai moyoni.

"Ndiyo maana nimemwambia alivae kila akirusha, hata ikiwa mizigo, nami begi nitalifungua kila jioni," nikamwambia. "Siku shati likianza kurudi safi tena, viatu vyangu viko pale mlangoni."

Kisha nikaliloweka lile shati kwenye maji ya sabuni, nikalifua mwenyewe, polepole, kuanzia kola.