Nyumba ya Binti Kwenye Kona ya Migomba

Mimi ni mtu wa kanuni, na wanaonifahamu watakuambia kwamba nachosha. Nikiingia kwa watu, kabla sijaketi nimeshaona mlango unaogonga kitanda, dirisha lililoelekezwa chooni, na jiko linalomlazimu mpishi kumpa mgeni mgongo. Ndiyo kazi yangu. Nachora ramani za nyumba mjini Kisii, katika chumba kimoja juu ya duka la saruji na mabati, na ukutani nimebandika kanuni niliyoipenda kuliko zote tangu chuoni: anza na mtu atakayeitumia nyumba. Wateja huisoma wakinisubiri, na wengi hudhani ni aya ya Biblia.

Lakini kanuni sikuanza kuzipata chuoni. Kwetu ni upande wa Sironga, karibu na mji wa Nyamira, na shamba letu la majani chai limelala kwenye mteremko mkali. Mama alinifundisha kuchuma: majani mawili na chipukizi, basi. Ukiongeza la tatu kwa tamaa ya kujaza kikapu, karani wa kituo cha kupimia chai atakimwaga chote mbele ya majirani, nawe utachambua jani moja moja huku wakikutazama. Jikoni, unga wa wimbi haukuingia sufuriani mpaka maji yachemke kabisa. Jumamosi, siku ya Sabato, jembe halikushikwa, hata kama mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa baada ya kiangazi kirefu na mikono inawasha.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Sisi Wakisii huiita chinsoni, yaani ile haya ya heshima iliyopo kati ya wazazi na watoto wao wakubwa. Kwa haya hiyo, baba haingii katika nyumba ya mwanawe wa kiume aliyeoa. Atafika uani, ataketi nje, ataletewa chakula huko huko nje, ataongea na kucheka, halafu ataenda zake. Tuliijua kanuni hii vile unavyojua njia ya kwenda mtoni, bila kuifikiria. Nafikiri ndiyo sababu niliisahau.

Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya upili, alijenga nyumba kwenye kipande tambarare kilicho karibu na barabara. Ramani nilimchorea mimi, bure. Wakati huo nyonga ya baba ilikuwa imeharibika, anatembea kwa magongo mawili, na daktari alikuwa amesema atafanyiwa upasuaji baada ya mavuno ya mahindi, kisha akae miezi kadhaa mahali pasipo na ngazi. Nyumba yake mwenyewe iko juu kabisa ya shamba. Unaifikia kwa njia ya mawe yaliyopangwa kama vidato, na choo kiko chini nyuma ya kilima. Kwa hiyo katika nyumba ya mdogo wangu nikamchorea baba chumba: mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, choo ndani kwa ndani, vyuma vya kushikilia ukutani, na dirisha linalotazama majani chai yake. Nilijivunia chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuchora. Niliwatumia wachoraji wenzangu picha zake, nikangoja sifa, na sifa zikaja.

Siku ya kuifungua ilikuwa Jumapili. Mchungaji aliomba, watu wakaingia na vyakula, na baba akasimama chini ya ukingo wa paa. Saa tisa mvua ikaja, kama ilivyo kawaida yake huku kwetu.

"Tata, ingia uone chumba chako!" nilimwita baba kutoka mlangoni kwa sauti ya mtu aliyeshinda kitu.

Wanawake waliokuwa wakigawa chakula walisimama na sahani mikononi. Mke wa mdogo wangu, wifi yangu, alikimbilia chumbani kwake. Baba alitazama viatu vyake.

"Ni chumba kizuri," alisema. "Nakiona hata nikiwa hapa."

Hakuwa anakiona. Kilikuwa upande wa pili wa nyumba. Alikula ugali wake wa wimbi kwenye kiti cha plastiki, mvua ikimrukia magotini, nami nimemshikia mwavuli nikitamani ardhi inimeze.

Jioni nilipanda juu kwa mama, nikawaka. Nilisema mila gani hii inayomwacha mgonjwa mvuani wakati chumba kikavu kipo hatua kumi kutoka hapo. Nilisema mengi. Mama alikuwa akichambua mboga ya chinsaga, na hakuacha kuchambua.

"Ulimuuliza?" alisema nilipopumua.

"Nilimpima, mama. Kimo chake, upana wa magongo, mkono wake unafika wapi ukutani."

"Nimesikia umempima. Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilimuuliza mdogo wangu kuhusu vigae, nikamuuliza wifi kuhusu jiko, mara tatu. Baba nilimpima kama kabati. Mimi huyo huyo mwenye karatasi ukutani.

"Na yule mke wa mdogo wako," mama aliendelea, "ungependa aishi vipi? Akitoka kuoga amkute baba mkwe wake kwenye korido? Mimi nilipoletwa hapa nikiwa msichana, ile haya ndiyo iliyonipa nyumba. Humo ndani niliimba, nilinuna, nililia, na hakuna mzee aliyepita kunichungulia."

Hapo nilikubali nimekosea, jambo ambalo mama hulisimulia hadi leo. Ile kanuni niliyoiita ya kikatili ilikuwa imeanza na mtu atakayeitumia nyumba, tena mtu mnyonge kuliko wote, bibi harusi mgeni kati ya watu wasio wake. Ilikuwa imechorwa vizuri kuliko ramani yangu. Ila haikumwazia mzee mwenye nyonga mbovu.

Zikabaki wiki chache kabla ya upasuaji, na baba hakuwa na mahali pa kurudi akitoka hospitalini. Tulikutana kwake juu: yeye, mama, mdogo wangu, mimi, na shangazi, dada yake baba, aliyetoka Ogembo anakouza ndizi kwa jumla na ambaye haogopi mtu. Mdogo wangu alitoa wazo la kupanga nyumba Nyamira mjini. Baba akasema hataugulia katikati ya watu wasiojua hata shamba lake liko wapi. Basi mdogo wangu akapendekeza mzee ajengewe nyumba nyingine ndogo kwenye kona ya migomba, kule chini karibu na barabara, ambako ndiko pekee kulikobaki tambarare.

"Mzee akijenga nyumba ya pili," mama alisema, "Sironga nzima itauliza bibi mdogo anatoka wapi. Na mimi nitakuwa wa kwanza kuuliza."

Tulicheka hadi baba akajishika nyonga akituomba tuache. Tulipotulia, shangazi aliweka kikombe chake chini.

"Mila inamkataza ndugu yangu kuingia kwa kijana wake," alisema. "Kwa binti yake inasema nini?"

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akajijibu mwenyewe.

"Haisemi kitu. Na mnajua kwa nini haisemi. Ni kwa sababu hatujawahi kumpa binti mahali pa kujenga."

Naomba niseme wazi yaliyokuwa moyoni mwangu. Nimepita miaka arobaini na sijaolewa. Kwetu binti huhesabiwa kama mtu aliye safarini, kesho au keshokutwa atakwenda kwao kwa kweli, na mimi nilikuwa safarini kwa zaidi ya miaka ishirini. Krismasi nililala kwenye kochi la mama. Nimewachorea watu nyumba kutoka Itumbe mpaka Ogembo, na duniani sikuwa na futi moja ya ardhi ya kuiita yangu. Kona ile ya migomba niliitaka. Niliitaka tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kulisema jambo hilo hata kwa mama.

"Ni kwa muda tu, lakini," mdogo wangu alisema. Alikuwa na mpango wa kujenga vibanda vya duka pale, na simlaumu. "Mzee akipona tutaona."

Sote tulimtazama baba.

"Ajenge," baba alisema, akaomba chai.

Ajenge. Nililigeuza neno hilo usiku na mchana. Halikusema ni pangu. Lilisema tu nijenge.

Safari hii nilimuuliza. Nilikaa naye na daftari, na majibu yake yalinitoa jasho. Dirisha la kutazama majani chai hakulitaka. "Nimeyatazama maisha yangu yote," alisema. "Niwekee dirisha la barabarani, nione nani anapita na amebeba nini." Choo ndani ya nyumba kilimtia kichefuchefu, hadi tulipokubaliana mlango wake uanzie kwenye baraza, nje lakini chini ya paa lile lile. Vyuma vya kushikilia alitaka vishuke, kwa sababu usingizi ukimshika yeye huinama. Hakuna kipimo changu kilichokuwa kimeniambia hayo.

Fundi naye alikuwa na yake. "Madam, hii nyumba haina ngazi kabisa. Maji itaingia, halafu watu watasema ni mimi."

"Tuinue ardhi ya nje taratibu ifike mlangoni, kisha tuchimbe mtaro pembeni."

"Sawa. Lakini nikiulizwa, nitasema ni wewe."

Ilikuwa nyumba ya mbao na mabati, chumba kimoja kikubwa, jiko dogo na baraza. Baba alitoka hospitalini moja kwa moja hadi pale. Kiti chake cha magurudumu kiliingia bila hata kuyumba, na yeye hakuangalia chini. Aliangalia dirishani na kuuliza ile pikipiki mpya ni ya nani.

Miezi ile mitatu ilikuwa ya raha kuliko yote niliyowahi kukaa naye. Nilikuwa nikija kila Ijumaa mchana na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kwenye dirisha lile baba aligeuka kituo cha habari. Aliwakaripia vijana wa boda boda kwa mwendo wao, akajua ng'ombe wa nani ameuzwa, na akinamama waliotoka kituo cha chai na vikapu vitupu walisimama kumpa umbea. Wifi alileta chakula hadi barazani, wakasalimiana kwa adabu yao ile ile, yeye nje na baba ndani, na kila mtu akawa na amani. Nilifurahi mno, nami si mtu wa kufurahi kwa urahisi.

Kisha akapona. Alianza kwa magongo, akaja kwa fimbo moja, na asubuhi moja ya Jumapili akaikunja blanketi yake, akanishukuru kama mtu anavyomshukuru mwenyeji, akapanda mawe yake polepole hadi juu kwa mama. Nilimtazama mpaka alipofika. Nililia kidogo kwa furaha, na kidogo kwa sababu nilijua kinachofuata.

Jumatatu nilimkuta mdogo wangu kwenye kona na futi ya kupimia.

"Tulisema ni kwa muda," alisema, bila kunitazama.

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nawe hukukataa."

Hapo alinipata, maana ni kweli sikukataa. Tulijibizana kama watoto, nikamwambia atajenga vibanda vyake juu ya kichwa changu, akaniambia nisiwe na maneno makubwa asubuhi. Nilirudi Kisii nikiwa nimevimba kwa hasira. Wiki nzima nilikokotoa jinsi ya kung'oa mabati bila kuyapinda, na niyapeleke wapi. Kumwendea baba na kumuuliza sikuweza. Kama angesema ndiyo, ilikuwa ya muda, ningelazimika kulisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Ijumaa nilikwenda hata hivyo, kwa sababu vitu vyangu vilikuwa kule. Nilikuwa nakanda chapati za Sabato ili nimalize kabla jua halijatua. Mdogo wangu alikuwa pale nje, amesimama na fundi wake wa vibanda, wakionyeshana mahali pa kuchimba msingi. Ndipo nikamwona baba akishuka na fimbo yake, jiwe baada ya jiwe, amevaa koti lake la kanisani.

Hakuwasalimia wale wawili. Alikuja hadi migomba inapoishia, hatua chache tu kutoka kwenye baraza aliloketi miezi mitatu, akasimama. Akaikita fimbo mbele yake, akaweka mikono yote miwili juu yake.

"Hodi," aliita.

Nilidhani sikusikia vizuri. Lile ni shamba lake. Alilirithi kwa baba yake, alilipanda majani chai kwa mikono yake, na hakuna kona hata moja ambayo amewahi kuomba ruhusa ya kuikanyaga.

"Hodi humu," aliita tena, kwa sauti kubwa zaidi, ile ya kusikika mpaka barabarani, na hakusogea hatua moja.

Fundi alimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu alimtazama baba, kisha akaikunja futi yake na kuitia mfukoni. Mikono yangu ilikuwa na unga hadi viwikoni. Nilitoka hivyo hivyo, nikasimama kwenye mlango wangu, nikamwambia karibu.