Ngamia wa Baba na Kiu Yangu

Harufu ya mgomba uliokatwakatwa ikinijia hata leo, roho huniuma kabla sijakumbuka sababu. Hunirudisha uani kwetu Kyebando, msimu wa mvua kabla ya Idi ya kuchinja, nilipokuwa darasa la nne. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Moroto, mbali kwenye nchi ya ukame, na kila akirudi mimi ndiye niliyemmiminia maji ya udhu kwa birika. Kaka zangu walijua hivyo na hawakuligusa. Safari ile alimshusha ngamia wa kuchinja, na baada ya ngamia akamshusha msichana wa rika langu. Akasema huyu ni Rehema, binti yake kwa mke wake mwingine wa Moroto, na amekuja kukaa nasi. Mama alienda kuongeza unga kwenye sufuria ya posho, ugali wetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Jioni ile ile Rehema alilichukua birika bila kuuliza, akammiminia Baba mikononi, na Baba akamwombea dua ile ile aliyokuwa akiniombea mimi. Nikajiambia kipya kinyemi, kitachakaa. Hakikuchakaa. Basi nikaamua kumshinda kwa ngamia. Kila asubuhi nilishuka bondeni kwenye chemchemi, nikapanda na jerikeni kichwani, nikamjazia mnyama beseni. Alinitazama kwa kope zake ndefu kama mama mkwe aliyeletewa chai baridi, kisha akageuza shingo. Nikamletea vipande vya mgomba na maganda ya matoke. Hivyo alivitafuna vyote, majimaji yakimchuruzika mdomoni, lakini beseni hakuligusa. Nilimchukia. Niliamini kabisa kwamba Rehema alikuwa amemnong'oneza.

Majirani walipoanza kusema kwamba ngamia atakufa kabla ya Idi, nilimwendea Baba nikilia, nikamwambia mnyama wake anayakataa maji yangu. Rehema alikuwa pale pale, birika mkononi. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Wacha yeye," akasema. "Maji iko ndani ya hii mgomba unaletea yeye. Kwetu, kwa jua kali, ndio anakunywa, na anamaliza pipa mzima. Hapa majani ni mbichi, kiu hapana."

Baba akamshika kichwa, akitabasamu. Nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza mbele ya Rehema kwa nini siku hizi ni huyu tu, huyu tu.

"Wewe ni kama hii ngamia yangu," Baba akasema. "Ulisha kunywa miaka yote. Huyu ndio kwanza anafika kwa maji."

Alidhani amenifariji. Siku ya Idi ngamia alichinjwa, nami niliila nyama yake bila huruma hata chembe.

Sasa Baba ni mzee na lori alishaliacha. Amechagua kukaa Moroto kwa Rehema, ambaye alirudi huko kuolewa. Wanasema joto la kule linamfaa magoti. Mimi bado niko Kyebando. Ile chemchemi imezingirwa na nyumba, maji tunayapata bombani, na birika nililikatalia lisipelekwe Moroto, liko kabatini kwangu. Baba hunipigia simu mara moja moja, tukazungumza sana, na mwishoni hucheka akisema hayo yatanitosha ngamia wake mpaka siku nyingine. Sala ya Magharibi ikimkuta bado tunaongea, husahau kukata simu. Hapo nasikia maji yakimiminwa, kisha sauti yake, ambayo siku hizi inatetemeka, ikiomba dua ile. Namwonea Rehema wivu leo kama nilivyomwonea siku aliyoshuka kwenye lori, na sioni haya kusema. Nimekubali kwamba ngamia akiwa na majani mabichi anaweza kukaa majuma mazima bila kunywa. Lakini mimi si ngamia, Baba. Mimi nasikia kiu kila siku.