Makofi Chini ya Dirisha la Wodi

Jumapili ya pili ya Julai 2021 nilikuwa uani kwetu Sumbawanga nikichambua maharage kwenye ungo, upepo wa kipupwe ukipeperusha makapi. Ndani, mama yangu alikuwa akimfukiza mjukuu wake. Mtoto huyo ni binti wa kaka yangu aliyeko Muze. Alikuwa na miaka saba, akiishi nasi kwa ajili ya shule, na alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Alikuwa akikohoa tangu katikati ya wiki. Msimu ule wa korona karibu kila nyumba mtaani ilichemsha majani ya mkaratusi, nasi tuliamini tunamkinga.

Nilimsikia mama akimtania mtoto aliyekuwa chini ya blanketi. "Vumilia, mke mwenzangu. Mume wetu hapendi wanawake waoga."

Kwa kawaida mtoto angejibu kwamba babu ni mume wake peke yake. Safari hii hakujibu. Blanketi lilipofunuliwa, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi.

Nilimfunga mgongoni kwa kitenge nikakimbilia bajaji. Njia nzima nilisikiliza pumzi zake shingoni mwangu, na ilipochelewa moja nilimwita jina.

Hospitalini daktari, binti mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, aliuliza kwanza kama mtoto ana ugonjwa wa kuzaliwa nao. Nilipotaja selimundu aliacha kuandika. Alinieleza kwamba watoto wengi wakipata korona huugua kama mafua, kisha hurudi kucheza. Wanaozidiwa hadi kuwekewa oksijeni mara nyingi ni wachanga sana, au wenye pumu, moyo wenye kasoro, utapiamlo, au damu kama ya huyu. Mvuke haukuleta ugonjwa, alisema, lakini jasho lilimkausha maji, na mwili mkavu huzidi kuziba mishipa ya mwenye selimundu. Hakunikaripia. Upole wake ndio ulionitisha.

Wodini aliruhusiwa mtu mmoja tu, nikabaki mimi. Mama alikuja kila siku hadi chini ya dirisha letu. Kwetu Ufipa mwanamke hupiga magoti na kusalimu kwa makofi ya taratibu, na anayesalimiwa huitikia. Mama alipiga magoti kwenye ardhi ya baridi, akapiga makofi, akangoja.

Mikono ya mtoto ilikaa pale nilipoiweka. Nikainua yangu ili niitikie badala yake, mama asikie walau kitu. Nikaishusha. Niliogopa kwamba nikimjibia, nitakuwa nimekubali kwamba mtoto hatajibu tena.

Asubuhi moja kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, nami sikuthubutu kuuliza. Siku hiyohiyo, makofi yalipoanza nje, vidole vya mtoto viligongana juu ya shuka, bila sauti. Nilifungua dirisha.

"Mama, ameitikia."

Akasema kutoka chini, "Mwambie mume bado ni wangu."

Mtoto alirudi nyumbani. Hofu haikutoka, kwa sababu Muze kulikuwa na mdogo wake mchanga, wa baba na mama haohao, na kwenye simu nilikuwa nimemsikia akikohoa. Simu ya kule hukatika katikati ya maneno. Katikati ya Agosti nilimkabidhi kondakta wa basi la Muze barua hii:

"Kaka, binti yako amerejea shuleni, ingawa kwenye kilima hupumzika. Mdogo wake hajapimwa selimundu. Mleteni apimwe akiwa mzima, msingoje augue. Akipata homa au akipumua kwa shida, msimfukize. Mnyonyesheni, mumpeleke zahanati saa hiyohiyo, na waambieni habari ya dada yake kabla hawajauliza. Mama ameniagiza nikuandikie kwamba blanketi lile sasa ni la kulalia tu. Mimi bado naamka kusikiliza kama mtoto anapumua. Nisaidie nisiwe na wawili wa kusikiliza. Dada yako."