Watani kwenye Dawati Moja

Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Kwenye matanga, Magomeni, watu wawili watatu walinishika mkono wakaniambia, "Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma." Niliitikia kwa kichwa, maana matangani si mahali pa kubishana. Lakini ukweli ni kwamba miezi mitano ya mwanzo sikumfundisha. Nilimdanganya, naye akaniamini.

Miaka ile ya sabini, wakati wa kampeni ya kisomo, aliyejua kusoma alitakiwa amfundishe asiyejua. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikipima mchele na sukari kwenye duka la ushirika Kariakoo. Balozi wetu wa nyumba kumi aliniandikisha kuwa mwalimu wa kujitolea bila kuniuliza sana. Nikapewa chaki, rejesta na vitabu. Saa kumi jioni watoto wa shule ya msingi walipotoka, sisi tuliingia kwenye darasa lao, na watu wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao.

Walikuwa kumi na sita: wachukuzi wa sokoni, fundi cherehani, muuza kahawa, na huyo mama, aliyekaanga vitumbua asubuhi nyuma ya soko. Vitabu tulivyopewa vilihusu kilimo cha pamba. Nadhani viliandikwa kwa ajili ya watu wa mikoa ya pamba, vikatufikia sisi kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo stoo.

"Mwalimu," aliniuliza mchukuzi mmoja, mzee wa Kinyamwezi, "hiyo pamba tuipande wapi? Juu ya lami?"

Watu walicheka. Mimi nikafungua ukurasa uliofuata.

Hata hivyo, pamba haikuwa kosa langu kubwa. Kila jioni nilisimama mlangoni nikiwaamkia mmoja mmoja: shikamoo mama, shikamoo baba. Sasa mtu niliyetoka kumwamkia, nitamwekeaje alama ya kosa kwa wino mwekundu kwenye daftari lake? Nyumbani nilifundishwa kwamba mkubwa hakosolewi, na hakuna aliyenifundisha vingine. Basi nikawawekea wote alama ya vema. Neno limepinda, vema. Herufi imerukwa, vema. Mama wa vitumbua alilipeleka daftari lake nyumbani akamwonyesha mumewe, na nyumba nzima ikajua kwamba sasa anasoma.

Mumewe alikuwa mgonjwa wa moyo, hainuki kitandani bila kushikwa. Alitumia dawa mbili kutoka zahanati, zote vidonge vyeupe, karibu sawa kwa ukubwa, katika vibahasha vilivyoandikwa kwa kalamu. Vya kibahasha kimoja alimeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vya kingine alimeza nusu kidonge tu, usiku, na mama alikuwa ameonywa kwamba kuzidisha ni hatari. Aliyemsomea vibahasha ni jirani wa chumba cha pili. Siku moja jirani huyo akasafiri kwenda Kilwa msibani.

Jioni ile mama alikuja darasani kabla ya wenzake. Aliweka daftari mezani, na vibahasha viwili juu yake.

"Mwalimu, humu kote umeniandikia vema."

"Ndiyo, mama."

"Nisomee hiki."

Nikamsomea. Akanipa cha pili, nikamsomea.

"Mbona mimi nimevitazama toka asubuhi sikuviweza?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwomba mtu mwingine pale nyumbani.

"Nimwombe nani, na wote nimewaambia najua?" Hakupandisha sauti. "Mwanangu, mume wangu hajanywa dawa tangu jana. Heshima yako hii itaniulia mume."

Akavifunga vibahasha kwenye pindo la khanga, akarudi kumpa mgonjwa dawa. Wengine walipofika niliwaambia leo hakuna somo. Sikuwaambia kwa nini, na hilo pia lilikuwa woga.

Jumapili yake nilichukua daftari jipya nikachora mistari, nikapata safu nne. Ya kwanza jina la mtu. Ya pili kazi yake. Ya tatu, anahitaji kusoma nini. Ya nne, amefikia wapi kwa kweli. Wiki nzima, kila nilipotoka kazini, niliwafuata walipo na kuwauliza. Mzee mchukuzi alitaka kusoma majina yaliyoandikwa kwenye magunia, kwa sababu alishapeleka mzigo duka silo akazomewa mtaa mzima. Fundi alitaka kuandika vipimo vya wateja, amechoka kuvishika kichwani. Muuza kahawa alitaka gazeti. Alisema wateja wake hubishana kuhusu habari, naye humimina tu. Mama wa vitumbua sikumuuliza.

Safu ya nne niliijaza mwisho, na ndiyo iliyoniumiza. Hajui. Hajui. Anakariri kwa kusikia. Hajui. Miezi mitano ya vema, na wanaosoma walikuwa watatu.

Nikapanga upya. Siku mbili kwa wiki pamba, maana kitabu kilikuwa cha serikali. Siku tatu zilizobaki maneno yao: ya magunia, ya vipimo, ya gazeti, ya vibahasha. Kila Ijumaa nilimsikiliza kila mmoja peke yake, nikabadilisha safu ya nne kama kuna cha kubadilisha.

Lakini kukosoa bado sikuweza. Mdomo ulikuwa unafunguka, halafu linatoka "vizuri, mama." Aliyeniokoa ni yule mzee. Mama alikuwa Mzaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe: hutukanana bila kukasirikiana. Jioni moja mama alisoma neno "nusu" ubaoni akalifanya "nasi", na mzee akadakia kutoka nyuma:

"Nasi wapi? Ukisoma hivyo Jumamosi tunakula pilau la matanga kwako!"

"Koma, Mnyamwezi wewe! Babu zako walibeba pembe kichwani toka bara, ndiyo maana kichwa kimekuwa bapa."

"Bapa, lakini kinaona. Hiyo si a. Itazame, imefunguka juu kama mdomo wa Mzaramo kwenye ngoma."

Mama akaitazama. "Nu," akasema. "Nu-su."

Hakukasirika hata kidogo. Kesho yake niliwakalisha dawati moja. Wengine nao nikawatafutia watani wao, na asiye na mtani nikamweka na mtu anayemwita shemeji. Darasa likawa na kelele kama soko la samaki, lakini makosa yakawa yanasemwa.

Siku moja mratibu wa kisomo akaja kutukagua. Alisimama mlangoni akisikiliza, akaniita pembeni.

"Ndugu mwalimu, umewapanga kwa makabila?"

Niliogopa, maana ukabila haukuwa jambo la mchezo. Mzee alimsikia, akanijibia akiwa amekaa:

"Hajatupanga kwa makabila, ndugu. Katupanga kwa matusi."

Mratibu alijaribu kutocheka. Akaomba daftari langu, akalisoma safu kwa safu, kisha akalirudisha. "Pamba pia muisome," akasema, akaondoka.

Mwezi wa tatu wa mpango ule mama aliniomba nimsindikize zahanati. "Usiseme kitu," akaniambia. "Simama tu." Nikasimama karibu na benchi la wagonjwa. Kijana wa dirishani alimpa vibahasha, akamweleza haraka, akaita mwingine. Mama hakutoka kwenye foleni. Alisoma cha kwanza midomo ikicheza. Alipofika cha pili midomo ikasimama, na mimi nikajua tumeshindwa.

Akakirudisha dirishani.

"Andika tena, mwanangu. Hapa sijui umeandika moja au nusu."

"Mama, si nimekwambia kwa mdomo?"

"Nimesikia. Mimi nataka kusoma."

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Kijana alikitazama kibahasha, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama tena. Kisha akachukua kipya, akaandika polepole, herufi moja moja. Mama akakipokea, akakisoma kwa sauti pale pale, foleni nzima ikimngoja: "Nusu. Usiku tu."

"Ndivyo," akasema kijana.

"Haya," akasema mama, akawapisha.