Disketi Ndani ya Redio

Mama alikataa kumaliza matanga. Mdogo wangu wa kiume aliuawa upande wa Bukavu wakati wa vita, maiti hatukuipata, na nyumba yetu ya kule iliporwa ikachomwa pamoja na albamu zote. Ndugu wakaja Kamembe, ng'ambo ya mpaka tulikokimbilia, kutusihi tufunge kilio, watu warudi kwenye kazi zao. Mama akawajibu, "Meza bila picha, tutamulilia nani? Kitambaa?" Kwetu picha ya marehemu hukaa mezani na watu huiinamia. Pasipo mwili, hiyo ndiyo unayoiaga.

Na picha ilikuwapo! Alipovuka daraja la Rusizi kurudi Bukavu mara ya mwisho, mdogo wangu alimwachia Mama disketi. Alikuwa akijifunza kompyuta, basi kila kitu kwake kilikuwa disketi, disketi. Ndani aliweka picha yake moja, uso umejaa, anacheka. Mama aliificha pale tulipoficha kila chenye thamani tangu vita vianze: ndani ya redio iliyokufa, nyuma ya spika. Redio nzima askari watabeba, lakini mbovu nani anaitaka? Noti, hereni, kadi za ubatizo, vyote vililala humo vikatoka salama.

Nikaipeleka disketi kwa fundi karibu na soko. Kompyuta yake ikakoroma, ikakataa kuisoma.

"Hii kitu ilikuwa wapi?" akauliza.

Nilipomwambia, akashika kichwa. "Yesu wangu! Dada, spika iko na sumaku. Sumaku inafuta disketi!"

Nilimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeiweka humo. Nani alitwambia habari za sumaku? Tulifundishwa kukimbia na kuficha, basi. Masikini fundi! Alishinda na ile disketi, akiisoma kipande kwa kipande, akinakili kilichokubali kutoka.

Jioni picha ikaanza kufunguka kutoka juu. Ukuta wetu wa matofali. Nywele. Paji la uso, nyusi, na yale macho ya utundu. Nikapiga kelele, "Huyo! Huyo!" hata wapita njia wakachungulia. Chini ya macho ikakwama. Pua, mdomo, cheko lote, kijivu kitupu. Fundi alijaribu tena na tena, kisha akaichapisha hivyo hivyo kwenye karatasi kubwa.

Mama aliishika kwa mikono miwili.

"Nini imekula sura yake?"

Redio ilikuwa pale pale juu ya kabati. "Unyevu, Maman," nikasema. "Unyevu wa ziwa."

"Afazali niliiweka mu redio. Ningeiacha ku kabati, hata macho haingebakia."

Nikaitikia. Mtu amepoteza mwana na hata kaburi hana, umwambie mkono wake mwenyewe ndio uliofuta uso wa mwanawe? Sikuweza, na sijamwambia hadi leo.

Akachukua mkasi, akakata kile kijivu chote akakitupa. Halafu akaniangalia, akaniangalia sana. Tangu utoto watu walisema mimi na mdogo wangu tuna mdomo mmoja, na mwanya ule ule wa meno ya mbele.

"Kuja hapa," akasema.

Akaniwekea karatasi usoni, ikaishia juu ya pua. Sikuona kitu ila weupe wa nyuma yake. Vidole vyake viliishikilia kwenye paji la uso wangu, vinanukia sabuni.

"Sasa cheka. Cheka kidogo tu, mutoto yangu, nimuone."

Ee Mungu, nilicheka. Machozi yalishuka chini ya karatasi hadi midomoni, sikuyafuta, nami nimetoa meno vile vile.

Mama akaongea, na hakuwa akiongea nami, maana alisema "papa", jina alilomwita mwanawe tangu akinyonya.

"Uende muzuri, papa," akasema. "Uende muzuri."

Kesho yake tukamaliza matanga.